Utumbo Uliokubali Kushikwa

Mpendwa mdogo wangu,

Sijui nianze na mbuzi au nianze na mashine. Barua hii nimeianza mara tatu na kuifuta mara tatu, maana nikianza na mashine najikuta nimefika kwa mbuzi, na nikianza na mbuzi unaingia wewe, umelala kwenye kitanda cha chumba changu cha kazi na viatu vyako vimejaa vumbi la kreta ya Ngorongoro. Kwa hiyo nivumilie. Sijachanganyikiwa hivi tangu Baba afariki, na wewe unanijua, mimi si mtu wa kuchanganyikiwa. Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu kwa kukupigia kelele.

Jina lako sitalitaja. Watu wa kwetu Endamarariek watajua ni wewe, lakini hao hawana jipya la kujua. Naandika hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma kisha unaunyamazia. Madereva wenzako wa huko Wasso wanatumiana kila kitu, kuanzia picha za magari yaliyokwama mpaka mahubiri, na mmoja wao atakufikishia. Ayo, mama yetu, nimemsomea yote kabla ya kuituma. Akasema, "Mtumie. Akikasirika atakuja kukugombeza, na akija tutakuwa tumempata."

Basi nianze na mbuzi.

Unakumbuka siku za mnada, Baba alipokuwa akiwachinjia wauza supu na nyama choma. Kazi yetu sisi wawili ilikuwa utumbo. Tulikuwa tunaupokea kwenye beseni ukiwa bado wa moto, tunashuka nao korongoni kwenye maji, tunaukamua, tunaugeuza ndani nje kwa kijiti, tunauosha mpaka unakuwa mweupe. Mimi nilijifunga mtandio puani. Wewe ulikuwa unaimba, tena kwa sauti, kama mtu aliyepelekwa harusini.

Na kabla ya kuukata, Baba alitutaka tuupitishe wote, mwanzo hadi mwisho, katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada. "Utumbo mzima haukamatiki," alikuwa akisema. "Ukiona unakubali kushikwa, hapo pana jambo."

Mimi jambo hilo sikuwahi kulipata hata siku moja. Nilikuwa napitisha utumbo kama ninavyopitisha kamba ya kuanikia nguo. Wewe, na umri wako wa miaka saba, ulikuwa unasimama ghafla na kusema, "Baba, hapa." Baba anakuja, anashika, anatikisa kichwa, anakata kipande na kuwatupia mbwa. Nami nilikuwa nakishika kile kipande kabla mbwa hajakifikia, nakifinya, nisihisi tofauti yoyote. Nilikuonea wivu, leo nakiri. Baba aliwaambia watu pale mnadani kwamba vidole vyako vina macho. Kuhusu mimi alisema, "Huyu amejaliwa mdomo."

Halafu ni Baba huyohuyo aliyeanza kwenda nyuma ya mahindi na kopo la maji, mara moja kwa asubuhi, baadaye mara tatu, baadaye tukaacha kuangalia ili asione haya. Kila alikokwenda kutibiwa waliandika amiba. Anameza dawa ya amiba, anapata nafuu wiki mbili, tumbo linarudi. Nilikuwa chuoni wakati huo, na mimi mwenyewe, binti msomi wa familia, nilimletea vidonge vya amiba mara nne. Mara ya nne alivipokea kwa mikono miwili na kusema asante, na bado naiona ile mikono, jinsi ilivyokwisha.

Kuna jioni moja tulikuwa tumekaa wote watatu nje ya jiko. Baba akachukua mkono wako, akauweka ubavuni mwake, chini upande wa kushoto. Nilipokuuliza baadaye ukaniambia, "Panashikika." Nikakujibu kwamba usijifanye daktari, kuna watu wamesomea. Masika yale hayakuisha, tukamzika kabla hajafikishwa hospitali ya rufaa. Msibani majirani walisema ni tumbo, mchungaji akasema ni tumbo, na mimi niliyesomea nikasema ni tumbo.

Sasa mashine.

Unajua kazi yangu hapa hospitalini Karatu. Kutwa nawapaka akina mama jeli na kuwaonyesha watoto wao kwenye kioo. Katika miaka yote hiyo ya ultrasaundi, utumbo kwangu ulikuwa adui. Una hewa, na hewa inaharibu picha. Ukitafuta kongosho, utumbo umekaa mbele yake. Ukitafuta kizazi, utumbo umekilalia. Tulifundishwa kuusukuma pembeni ili tuone vitu vya maana. Kisha akaja daktari mmoja kutoka hospitali ya rufaa, mama wa makamo, mpole, akatukusanya watu wanne na kusema kwamba safari hii tutautazama uleule tunaousukuma. Nilidhani anatania.

Hakutania. Ndani ya saa moja mashine niliyoizoea kama jiko langu ikawa kitu kigeni. Alitufundisha kuutafuta ukuta wa utumbo na tabaka zake, mstari mweupe, mweusi, mweupe, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Akasema ukuta wa utumbo mkubwa ukiwa na afya hauzidi milimita tatu. Milimita tatu, mdogo wangu, ni unene wa zile kamba za viatu nilizokupigia kelele. Akatueleza kuhusu ugonjwa sugu ambao mwili wa mtu unaupiga vita utumbo wake wenyewe, unavimba, unapata vidonda, unatulia, unarudi, mtu anakonda huku anatibiwa vitu vingine. Akasema wakati mwingine unapita katika familia. Niliandika neno hilo daftarini kama ninavyoandika maneno mengine yote, nikafungua ukurasa mpya.

Tulipoanza kushika mashine wenyewe, akasimama nyuma yangu. "Usibonyeze kama unagombana nao," alisema. "Bonyeza, halafu subiri. Ulio mzima utalala chini ya mkono wako, utajikunja, utapita zake. Unaoumwa unabaki palepale."

Mkono wangu ulisimama hewani. Nilitaka kumwambia kwamba maneno hayo nimeyasikia korongoni Endamarariek, nikiwa na beseni mapajani. Nikaona wenzangu watanicheka, nikayameza.

Daktari aliagiza kila mmoja wetu apime kwanza watu wenye afya, tena wengi, maana asiyejua uzima hawezi kuujua ugonjwa. Wafanyakazi wenzetu wakatukimbia. Muuguzi mmoja alisema hawezi kumfunulia mambo ya tumbo lake mtu anayekula naye mchana. Ndipo ukatokea wewe, umetoka kuwashusha wageni wako wa utalii, umebeba mfuko wa parachichi.

"Vua shati ulale hapo dakika kumi," nikakuambia.

"Dada, mimi si mjamzito."

"Hilo ndilo tunalotaka kuhakikisha. Umekula?"

"Supu ya utumbo na chapati mbili."

"Basi leo utumbo uko ndani ya utumbo."

Tulicheka wote, na kile kicheko ndicho kinachonisumbua kuliko vyote. Upande wote wa kulia ulikuwa mzuri, nikawa najisifu moyoni. Nikashuka kushoto, chini, na picha ikabadilika. Ukuta ulikuwa mnene, umezungukwa na weupe, na rangi nyekundu za damu zikimetameta ndani yake. Nikapima, ikaja milimita tano na nusu. Nikapima tena, sita. Nikapima tena, tano. Nikabonyeza nikasubiri, kama nilivyofundishwa. Haukulala, haukujikunja, haukwenda popote. Nawe ukazuia pumzi.

"Inauma?" nikakuuliza.

"Unabonyeza kama unakanda chapati," ukasema.

Hilo halikuwa jibu. Nililitambua wiki kadhaa baadaye, nikiwa naosha vyombo.

Daktari alikuwa chumba cha pili, hatua kumi tu. Ningemwita. Sikumwita kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wa siku ya tatu na niliona aibu kumtoa kwenye kazi yake aje kutazama supu. Nilijiambia ni supu. Nilijiambia nimekilaza vibaya kile kichwa cha mashine, nikaukata ukuta mshazari, ndiyo maana unaonekana mnene, kosa ambalo wanafunzi wote hulifanya. Daftarini nikaandika: picha mbaya, hakufunga kula. Nikakupa karatasi ujifute jeli.

"Vipi, kuna mtoto?" ukauliza.

"Uko fiti," nikasema. "Nenda zako."

Ulipokuwa unajifunga mkanda niliona tundu jipya, limetobolewa kwa msumari, mbali na matundu mengine. Nililiona vizuri. Na ile fomu yetu ilikuwa mezani, swali lake la kwanza ni choo: mara ngapi kwa siku, kikoje, kina damu. Swali hilo namuuliza kila mtu. Nimewauliza wazee wa Kimaasai waliokuja wameshika fimbo zao, nao wamenijibu wakitazama ukuta. Kwako nililiruka. Dada hamuulizi mdogo wake wa kiume, mwenye ndevu, habari za chooni. Ndivyo tulivyolelewa, na hakuna aliyetuambia kwamba kuna siku malezi mema yatatukaba.

Baada ya hapo akaletwa mama mmoja kijana kutoka upande wa Ngorongoro, ana watoto wawili, amekuja na mama mkwe wake. Amekonda, anatoka damu, ametibiwa amiba mpaka amezoea ladha ya dawa. Huyu alikuwa hajala, nilihakikisha. Nikaweka mkono kushoto, chini, na ilikuwa picha yako. Ukuta uleule, weupe uleule, utumbo umekaa palepale haujikunji. Niliikodolea macho picha ile mpaka mkwe akauliza kama mgonjwa wake amekufa.

Nikamtumia Daktari picha. Akajibu, "Hiki si chakula. Mlete." Kule rufaa walimpima kwa kamera, wakachukua kinyama kidogo kikapimwa, wakaupata ule ugonjwa wenyewe. Juzi mkwe alipita hospitalini na kibuyu cha maziwa kwa ajili yangu, akasema, "Sasa anakula, tena anagomba." Kwao kugomba ni dalili ya afya, na nadhani hata kwetu.

Siku yalipofika majibu ya huyo mama kutoka rufaa, nilifungua mashine, nikatafuta picha yako. Nilikuwa nimebakiza moja, sijui kwa nini moja tu. Nikamtumia Daktari bila jina. Akajibu kwa mstari mmoja: "Huyu ni nani, na ameshaanza matibabu?"

Leo ni siku ya tisa sijamjibu. Nitaandika nini? Kwamba ni mdogo wangu, na matibabu niliyompa ni karatasi ya kujifuta?

Nilikupigia. Ile mara ya mwisho uliyopokea, nilizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, nikakuuliza habari za barabara, za mvua, za ng'ombe wa watu. Mwishowe nikasema ningependa nikupime tena. Ukacheka. "Dada, si ulinipima mwenyewe? Ukasema niko fiti." Na Ayo ananiambia kila akikuuliza mbona umepungua unamjibu hivyohivyo, kwamba dada alikuweka kwenye mashine. Maneno yangu mawili umeyafanya cheti, unatembea nacho. Kila anayekujali ukimwonyesha cheti hicho ananyamaza, maana mimi ndiye niliyesomea.

Sasa nakuja kukuomba unirudishie.

Kuna jambo jingine, na hapa ndipo kichwa kinaniuma. Wageni wako walikuwa wanakusifu. Waliandika kwamba wewe ndiye dereva mwenye subira, unayewapitisha kila penye choo mle kreta, asubuhi na mchana, hata kabla hawajaomba. Nilijivuna kwa watu kuhusu hilo. Halafu ghafla ukaacha kazi, kazi nzuri, ukaenda kuendesha pikapu ya bidhaa kwenda Wasso, njia ya vumbi na makorongo, ukasema umechoka na Kiingereza. Nilikuamini. Juzi nikiwa nasubiri maji yachemke nikakumbuka kwamba mle kreta mtu haruhusiwi kushuka kwenye gari ila sehemu zilizopangwa, na ile njia ya Wasso ina vichaka pande zote na hakuna anayekuuliza umesimama kwa nini. Niambie kama nimekosea. Natamani sana niwe nimekosea. Nyuma ya mahindi ya Baba na vichaka vyako vya Wasso, siwezi tena kuviona mbalimbali.

Lakini sijui, ndugu yangu. Hiki ndicho nataka ukielewe, maana utanisoma na kusema dada anajua kitu ananificha. Sijui. Mashine inaonyesha kwamba ukuta umevimba, haitaji jina la aliyeuvimbisha. Daktari ametuonya sana: inaweza kuwa ule ugonjwa sugu, inaweza kuwa kifua kikuu kilichoshuka tumboni, inaweza kuwa hiyohiyo amiba tunayoisingizia kila siku na mara hii ikawa kweli. Na dawa inayoutuliza ugonjwa wa kwanza inaweza kukiamsha hicho kifua kikuu. Kwa hiyo siwezi kukutumia vidonge kwa basi. Nimeshawahi kumpa vidonge mtu ninayempenda mara nne bila kujua ninachotibu, na sitarudia mara ya tano.

Wala kuhusu Baba sijui. Kuna siku naamka nina hakika ulikuwa ugonjwa huu, na kwamba ningekuwa na elimu hii ningemwona kwenye kioo siku ile ya vidonge vya kwanza. Mchana napima mtu mwingine, naona picha inayofanana, kumbe ni minyoo, na hakika yangu yote inamwagika. Sitajua kamwe. Nimejaribu kukaa na hilo neno "kamwe" na halikaliki. Ninachojua ni kwamba Baba aliwahi kutupa jibu la swali lake kwa njia aliyoiweza, akauweka mkono wako pale, wewe ukalisoma vizuri kuliko mashine yoyote, na mimi nikakunyamazisha.

Tena wakati mwingine, nisamehe, nakukasirikia. Vidole vyenye macho ni vyako. Wewe ambaye hukuwahi kukosea hata kwa mbuzi wa jirani, huwezi kuniambia hujaweka mkono ubavuni mwako mwenyewe. Umeuweka. Nadhani ulishajua siku ile umelala kitandani kwangu, ukaja na parachichi na utani ili mtu mwingine aseme, na mtu huyo akasema uko fiti. Sasa sijui nani alimdanganya nani. Labda tulisaidiana.

Daktari anarudi Karatu Jumatano ya wiki ijayo. Shuka na pikapu yako Jumanne, ulale kwa Ayo, ameshaanza kutafuta kuku. Lakini kuku utamla mchana baada ya kipimo. Asubuhi usinywe chai, usiguse supu, hata ukikuta inachemka mlangoni kwetu. Mashine ataishika Daktari. Mimi nitakaa benchi la nje na ndugu wengine wa wagonjwa, nijifunze na hilo. Ukitaka niingie, nitaingia, na utaweka vidole vyako ubavuni uniambie kwanza kama panashikika. Safari hii nitaandika utakachosema.

Nilitaka kumaliza hapo, nikutakie njia isiyo na matope na nikuage. Ila nikimaliza hapo nitakuwa nimeliruka tena lile swali. Wiki zote hizi nimekuwa nikikuzungusha kwa sababu ya maneno machache tu, na nimechoka kuwa na adabu. Acha nikuulize hapa, mbele ya watu, ili nisiweze kulirudisha mdomoni.

Mdogo wangu, unapata choo mara ngapi kwa siku? Kuna damu?

Nijibu hata kwa namba peke yake.

Dada yako,
yule aliyekuambia uko fiti